Yale Makorokoro Uyarudishe Kwenye Landrova

Arusha, mwezi wa pili

Mdogo wangu Deo,

Shikamoo yako nimeiitikia huku huku peke yangu: marahaba, baba. Mnaendeleaje hapo Laela? Kikohozi cha mwanao kimekwisha? Na wewe mwenyewe unakula? Shemeji Paskalia aliongeza mstari chini ya barua yako kwamba sahani yako inarudi jikoni kama ilivyotoka. Acha hiyo, mwenzio atapata hofu. Mimi afya ninayo, mwili unatembea, ila moyo, Deo, moyo umevunjika.

Barua yako ilinisubiri ofisini wakati mimi niko porini na watalii. Nilipoifungua, Mama alikuwa ameshazikwa. Nikaenda kwa bosi kuomba ruhusa. Akaniambia wa kuzika walishazika, na msimu wa wageni ndio huu. Nilitamani kumtupia ufunguo wa gari usoni! Sikuutupa. Tangu ruksa ya biashara za watu binafsi ianze, kampuni za utalii zimeota hapa kama uyoga, na madereva wanaoitaka nafasi yangu wamejaa getini.

Nimeisoma barua yako mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Kwa hiyo mlikuwa mnateremka bondeni kumchukua dada yetu Modesta, aje ajifungulie huko juu karibu na hospitali ya Sumbawanga, maana mimba zimekuwa zikimharibikia kule alikoolewa. Mvua ikawakuta kwenye mteremko, gurudumu la nyuma likazama, jeki nayo ikazama, mkachimba tope kwa mikono na magamba ya mti. Mama na kifua chake kile akalala ameloa, hana hata cha kujifunika. Asubuhi watu walipofika na kamba, alikuwa ameshakata roho. Mungu wangu! Kazi yangu mimi ni kuwafungashia watu blanketi. Wazungu ambao hawajawahi kulala nje maishani mwao wanakuja kulala porini kwa raha zao, na mimi ninahakikisha hakuna hata mmoja anayesikia baridi. Mama yangu mzazi amekufa kwa baridi ndani ya Landrova yetu wenyewe.

Usiniandikie tena kwamba ni wewe uliyemuua. Umenisikia? Vifaa vya safari nilivituma, ukavipakia, Mama akavishusha. Ninamsikia kabisa: "Toa makorokoro hayo! Mtu anaendaje ukweni na blanketi lake na sufuria yake? Wataona tumewaita watu wa njaa." Akapakia jogoo na unga wa ulezi wa kuwapelekea. Nani kwetu angembishia? Hata mimi ningeshusha. Ndivyo tulivyolelewa sisi Wafipa: ukienda kwa watu unabeba zawadi, malazi ni juu ya mwenyeji. Na kinachoniuma zaidi, wale wakwe ni Wasukuma wafugaji, wanalala popote ng'ombe wao walipo. Wangeyaona yale mablanketi wasingesema neno.

Najua msibani watu wamekuambia ajali haina kinga. Kinga ilikuwepo, Deo, na iko chini ya kitanda cha Mama mpaka leo. Sasa kaivute. Modesta bado yuko bondeni, tumbo linakua, na mvua hizi hakuna basi linaloteremka kule. Unasema umeapa hutashika usukani tena. Kiapo hicho kivunje. Mama amekufa akimfuata binti yake, na tukimwacha Modesta kule, Mama atakuwa amekufa bure.

Anza na beleshi. Lifunge ubavuni, mahali unapolifikia hata gari likiwa limelala upande. Ule ubao mnene ulioniuliza ni wa nini, ni wa kuweka chini ya jeki. Kwenye tope jeki isiyo na ubao inazama yenyewe na gari linabaki pale pale. Minyororo ivishe matairi ukiwa bado huko juu pakavu. Wanaoanza safari hizi wote hukosea hapo, wanangoja wakwame kwanza. Kamba ya kuvutia nayo ifunge mbele kabla hujaondoka. Tairi la akiba ulijaze upepo, maana nimewaona madereva wazima wakizunguka na tairi la akiba lililo bapa, lo! Viraka, gundi, pampu. Maji madumu mawili, la kunywa na la rejeta, na usiyachanganye. Kiberiti kizungushie nailoni. Turubai likae juu kabisa ya mizigo, kwa kuwa ndilo mtakalolitafuta la kwanza mvua ikianza. Nimeona watu wameloa chapachapa wakilifukua chini ya magunia. Hema uliache kama nafasi haitoshi. Blanketi usiache hata moja, hata lile la mtumba lenye tundu.

Na ukifika ukweni usione haya. Makorokoro yafunike humo humo ndani ya gari, ule chakula chao, ulale kwao, ushukuru. Adabu itakuwa imetimia.

Nisalimie Baba Mdogo, aliyesimamia mazishi. Mwambie mtoto wa kaka yake anamshukuru kwa kusimama kaburini mahali palipokuwa pangu. Nisalimie shangazi zetu waliolala matanga, na shemeji Paskalia umwambie asante kwa ule mstari wake.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo zito. Unasema Baba Mdogo ameagiza Modesta asiambiwe lolote mpaka afike nyumbani na kukaa kati ya shangazi, maana habari ile ikimkuta njiani inaweza kuiharibu mimba. Ni kweli, mtii. Lakini Modesta akisikia mlio wa gari atatoka mbio, ataangalia kiti cha mbele. Atakuuliza. Mwambie Mama yuko nyumbani, basi, usiongeze neno. Kisha mtapanda pamoja, na mtapita pale pale mlipokwama. Usisimame, usiangalie pembeni, mwache aongee habari za mtoto wake na majina aliyomchagulia. Na ukiona machozi hayazuiliki, egesha mbele ya safari, fungua boneti, sema injini imechemka, ulie humo ndani. Mimi ndivyo nilivyofanya safari ya kwanza baada ya barua yako. Wageni wangu waliamini. Walishuka mmoja mmoja, wakaniletea maji yao ya kunywa nimimine kwenye rejeta, na mimi nikayamimina.

Ni mimi kaka yako,
Fidelisi