Niliyejificha Chini ya Kiti

Dar es Salaam,
Jumanne, baada ya alasiri

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza huenda hukuiitikia. Natumaini mgongo umetulia tangu mmalize kupalilia mikorosho, na wale kuku waliokuwa wakiumwa macho wameacha kufa. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto, ambalo nadhani umekwisha kuliona likiumia kwenye televisheni.

Nimeandika kwa sababu simu yangu hupokei. Siku kumi na moja sasa napiga, na kila nikipiga anapokea Baba na kuniambia uko shambani. Uko shambani alfajiri, uko shambani magharibi, uko shambani mvua ikinyesha. Juzi nilikusikia kabisa ukikohoa pembeni yake. Kwa hiyo barua hii nitampa kondakta wa basi la kesho asubuhi na nitamwapisha aikabidhi mkononi mwako. Najua utasema miwani huioni na utampa Baba akusomee. Baba, shikamoo. Tafadhali soma yote, usiruke mahali ukidhani unanisitiri.

Mama, mimi si mpiga picha. Nilikuwa mpiga picha kwa kipindi kimoja na dakika nne, basi.

Siku ile niliyokwambia nimepewa kamera ilikuwa kweli. Mwenye kamera namba nne, ile inayokaa nyuma ya goli, alishikwa na tumbo, nikawekwa mimi, kwanza kwa kuwa nilikuwa nimesomea, pili kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu. Wapiga picha wote huvaa vidude masikioni, na anayesema humo ni mwongozaji. Yeye hukaa nje ya uwanja ndani ya gari la matangazo, mbele ya televisheni nyingi ndogo, akichagua ni picha ya kamera ipi nchi nzima iione. Akikwambia fanya hivi, unafanya, na hujibu neno.

Kipindi cha kwanza aliongoza kijana wa rika langu, kikaisha salama. Kipindi cha pili akaingia Mzee Kitwana, mkuu wetu, mtu wa Pangani mwenye mvi kama za Baba. Sikuwa nimemwona siku hiyo. Dakika ya nne nikasikia sauti yake: "Kamera nne." Mama, wewe ndiye uliyenilea. Mtu mzima ananisemesha kwa mara ya kwanza tangu kupambazuke, nipokee amri yake bila salamu? Nikabonyeza kitufe, nikasema shikamoo.

Bahati mbaya na yeye amelelewa. Akaitika marahaba. Nikamuuliza za kuamka, akasema njema, akaniuliza za kwetu. Nikasema kwetu hawajambo, wanamsalimu sana. Mnisamehe, hamkunituma. Akauliza kwetu ni wapi, nikasema Kilwa, Tingi, naye akasema aliwahi kuwa na shemeji Kilwa Kisiwani. Ningeachaje kumuuliza hali ya shemeji? Muda wote huo nchi nzima ilikuwa ikimtazama kocha wa timu ngeni akinywa maji, maana hakuna aliyekumbuka kubadili picha. Kocha alikunywa, akafunga chupa, akaifungua tena. Mara uwanja ukalipuka. Goli lilikuwa limeingia hatua chache mbele yangu, na kamera yangu ilikuwa inatazama nyasi. Fundi wa sauti, kijana asiye na adabu, akasema masikioni mwetu kwamba sisi wawili tukimaliza tuwajulishe.

Mzee Kitwana alipewa barua ya onyo. Mimi nikarudishwa kwenye waya.

Kazi ya waya ni hivi. Kuna mpiga picha anayekimbia pembeni mwa uwanja na kamera begani. Jicho lake liko kwenye kamera, haoni anakokanyaga, na nyuma yake unaburutika waya mnene unaopeleka picha kwenye gari. Lazima awepo mtu wa kumwachia waya akienda na kuukusanya akirudi, asijikwae, na mshika kibendera naye asinaswe. Mtu huyo ndiye mimi. Ninayemvutia waya anaitwa Mudi, mtu wa Mbagala, mropokaji lakini ana roho safi. Sasa hivi namjua kwa bega tu: likishuka, najua anageukia wapi kabla yeye mwenyewe hajajua. Mechi ikiisha naukunja waya duara kwa duara, moja kwa juu na moja kwa chini, maana ukikunjwa ovyo hujisokota na kesho yake haufai. Si kazi ya aibu. Aibu niliitengeneza mwenyewe.

Kwani ulipopiga simu baada ya mechi ile, ukaniambia wanawake wote wa mtaa walikaa kibanda cha mpira kwa ajili yangu, na kwamba yule kocha anayekunywa maji nilimpiga vizuri sana, nilikosa pa kuanzia. Nikasema ahsante Mama. Mechi iliyofuata ukanisifia goli la kichwa, nikasema ahsante. Ya tatu ukanigombeza kwa nini nimemwonyesha mchezaji akitema mate watu wakiwa wanakula, nami nikaomba radhi kwa mate nisiyoyapiga picha. Uongo wangu ulikuwa na kazi nyingi kuliko kazi yenyewe.

Ndipo ikaja mechi ya kusini, ng'ambo ya Mingoyo. Unajua njia ni moja tu. Tulipopita Tingi niliuona mkorosho wetu wa barabarani na kanga yako ile ya zambarau kwenye kamba, na nikawaza niombe gari lisimame walau dakika tano. Lakini wenzangu wangeshuka nami. Ungewaandalia mihogo, ungewauliza kamera ya Somoe ni ipi kati ya hizo, na Mudi angekujibu. Nikanyamaza, gari likapita.

Nangurukuru likasimama, Mudi akitaka korosho. Aliyekuja dirishani na beseni kichwani ni nani kama si Shangazi Mwajuma. Mama, sikufikiri. Niliteleza chini ya kiti na kujifunika koti la mvua. Nilikuwa nimebana pumzi, na Mudi hajui lolote, akainama na kuniuliza kwa sauti ya kuita watu harusini: "Somoe, na wewe unataka za chumvi?"

Kwa upenyo wa koti niliona vidole vya Shangazi vikiendelea kupanga pakiti ukingoni mwa dirisha. Kisha akasema, taratibu kabisa: "Mpe na hiyo huyo aliye chini ya kiti. Mwambie kwao hawajambo."

Gari likaondoka. Ile pakiti sikuila. Nililia mpaka tunafika Mingoyo, na Mudi, ambaye hakuelewa kitu, akala zake zote, kisha akala na zangu.

Ya uwanjani uliyaona mwenyewe. Kichwa changu hakikuwepo siku hiyo. Bega la Mudi likashuka, mimi nikawa nimechelewa, winga wa timu ya mkoa wetu akatoka nje na mpira kwa kasi, waya ukanifunga miguu yote miwili nikaanguka kama mbuzi wa Idi. Wenye kazi ya marudio ni rafiki zangu, kwa hiyo wakanionyesha mara tatu, ya tatu polepole sana. Nilitazama kwenye televisheni ndogo ya pale benchi: nilikuwa nimekwisha kusimama na kujipangusa, na kule bado naanguka. Na waya ulikuwa mkononi mwangu, hakuna wa kudanganywa tena. Nasikia pale kibandani hakucheka mtu, kwa heshima yako, mpaka ulipoondoka.

Nilidhani umekasirika kwa sababu ya waya. Lakini Jumapili Baba alichoka kunieleza habari za shamba, akaniambia maneno yako kama ulivyoyasema: "Kuvuta waya si kitu, hata mimi navuta ndoo kisimani. Mimi sina mtoto anayejificha chini ya kiti watu wa kwao wakipita." Baba, hapo ukisoma usipunguze, hayo ndiyo yaliyonipata. Nimeyarudia siku mbili hizi nikiwa nakunja waya, nikiwa naoga, nikiwa natawadha. Nilidhani nakuficha habari ndogo ili ufurahi. Kumbe nilikufanya wewe ndiye wa kukimbiwa. Nilipita mlangoni kwako na nguo zako zimeanikwa, nikageuza uso. Nisamehe, Mama. Sina neno zuri zaidi ya hilo na nimelitafuta.

Nilikwenda kwa Mzee Kitwana jana kumwomba ruhusa. Bora ujue ilivyokuwa, nisije nikaanza tena kukuficha mambo. Kabla sijafungua mdomo aliniambia amesahau ile ya shemeji, na kwamba Jumamosi hii, mechi kubwa, ananirudishia kamera nne. Nimeingoja siku hiyo miezi saba. Nikamwambia nataka kwenda nyumbani Ijumaa. Akasema kamera itapewa mwingine na hawezi kuniahidi kwamba itarudi kwangu. Nikasema naelewa. Akaniuliza kama mama ananingoja. Nikasema sijui. Akavua miwani, akaifuta, akaandika ruhusa, na akaniagiza salamu zako, na safari hii ni za kweli. Mudi atashika hiyo kamera. Nimemfundisha asisalimie mtu.

Nisalimie Bibi, mama yake Baba, na umwambie tumbaku yake ya kunusa nimeipata. Nisalimie mdogo wangu Hadija na mumewe, na mtoto wao ambaye naambiwa ameota meno mawili na yote anang'atia. Nisalimie mwenye kibanda cha mpira, umwambie sasa anaruhusiwa kucheka. Shangazi Mwajuma usimpe salamu zangu. Yake nitakwenda kuyamaliza mwenyewe kituoni pale pale Nangurukuru, nikiwa nimesimama, abiria wakisikia.

Nitashuka Tingi Ijumaa, wakati watu wanatoka msikitini, ili kila anayetaka kuniona anione. Sijabeba zawadi ya kukulainisha, ila hiyo tumbaku ya Bibi na kanga moja ambayo ungeletewa hata tusingegombana. Nitakuja hadi mlangoni, nitapiga hodi. Ukiwa bado uko shambani, nitakaa barazani. Mgeni hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa akaenda zake. Mimi si mgeni, Mama. Nitapiga mpaka uitike.

Ni mimi mwanao,
Somoe, mvuta waya