Wageni Waliokuja Kukuulizia, Shomari

Mtani wangu Shomari,

Walikuja watu wawili kukuulizia, nikawaambia umetoka kidogo.

Usinicheke. Ulimi wangu unaujua, hutangulia halafu akili inafuata ikihema. Walinikuta stendi, nimekaa kwenye ubao wetu karibu na yule mama wa maandazi, buti zako miguuni. Mmoja alikuwa Mkenya, mwalimu wa Kisumu, anaitwa Otieno. Mwenzake Mholanzi, anaitwa Wim, mrefu hata akiinama bado anakuzidi wewe uliyesimama wima. Otieno akasema wanamtafuta Shomari wa kupandisha watu mlimani. Nami nikajibu, ametoka kidogo. Tumekuzika kule kwenu Mgeta, nyanya za juu ya kaburi zimeshavunwa na kupandwa upya, nami bado nasema umetoka kidogo.

Kisha nikawaambia ukweli. Mholanzi akakaa juu ya begi lake. Otieno akasema polepole, "Tuliambiwa tukifika Morogoro tusipande na mtu mwingine."

Hapo nikajua ni wageni gani. Wageni wako.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Kiwanda cha nguo kilikuwa kimetupunguza kazi wote wawili, ruksa ya soko huria imeingia nchini, wageni na mabegi yao ya mgongoni wameanza kushuka mjini kwetu wakiuliza njia ya mlimani. Ukasema milima ni ya babu zako, kazi imejileta yenyewe. Mimi Mnyamwezi wa tambarare nikakufuata, nikisimama kila kona nikijifanya natazama maua. Siku moja tukapata wanaume wawili waliokuwa wakitazamana kwa namna fulani, nikakunong'oneza, "Hawa vipi?" Ukanijibu, "Mtani, wewe uliza bei ya nyanya." Jioni ndipo ulipofunguka. Ukasema sheria ya nchi inawafunga watu hao miaka mingi, na mtaa wakati mwingine hausubiri sheria, unapiga. Kwa hiyo mgeni aliyejikabidhi kwetu ni wetu mpaka apande gari la kumtoa huku. Haulizwi, hasimuliwi, haachwi.

Sikukuuliza ulijifunzia wapi hayo. Nikauliza bei ya nyanya.

Sasa hawa wawili walikuwa wameanza vibaya. Usiku wao wa kwanza walilala gesti ya Bwana Mbaruku, hapa hapa Mafiga, mtaa wa pili kutoka kwangu. Chumba cha vitanda viwili, na asubuhi mfagiaji akakuta kitanda kimoja hakijaguswa. Wewe ungewaambia mapema wavuruge shuka za vitanda vyote. Mimi wakati huo nilikuwa nyumbani nakoroma. Bwana Mbaruku aliwagongea, akataka wampe cha kumnyamazisha, wao wakaondoka bila hata chai.

Nilitaka kuwarudisha Dar kwa basi la kwanza. Kweli kabisa, mtani, nilishainua mkono kumwita kondakta. Nilikuwa nawaza kwamba akikamatwa Mholanzi, ubalozi wake utapiga simu. Otieno nani atampigia simu? Na mimi je, mwenye kitambi na mke na watoto? Halafu buti zako zikanibana. Zinanibana kila siku, mguu wako ulikuwa wa mtoto wa shule, lakini siku ile zilinibana kwa namna ya kunikumbusha. Nikaushusha mkono. Nikasema twendeni.

Buti zenyewe unajua nilivyozipata, au labda hujui maana ulikuwa umelala. Siku ya mazishi nilitimiza haki yangu ya utani. Nilijitupa chini mlangoni, nikazuia jeneza, nikasema Mluguru huyu hatoki humu mpaka nipewe buti zake, kwani alizivaa bure miaka yote wakati angeweza kubebwa mfukoni. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Kwa desturi ndugu yako alipaswa kuzikomboa kwa kuku. Dada yako mkubwa, Bi Tausi, akakataa. Akasema, "Zivae tu, mtani. Mwenye kuzikomboa atakuja." Nilidhani ni ubahili wa Kiluguru.

Basi tukapanda. Na hapa ndipo yalipotokea ambayo ungelipa kiingilio kuyaona.

Kwa hofu ya Mafiga, wale wawili walikubaliana wasikaribiane hadharani. Kitabu chao cha safari kiliwashauri hivyo, nami nikaona ni busara. Wim mbele, Otieno nyuma sana, mimi katikati nikihema kama mvukuto. Hawasemezani. Mmoja akikaa kunywa maji, mwingine anakwenda kukaa upande wa pili wa njia. Nikajisifu moyoni kwamba sasa hakuna wa kushuku lolote.

Mimi mtu mzima nimesahau niko wapi. Huku kwetu wanaume wawili marafiki hushikana mikono kutoka sokoni mpaka nyumbani na hakuna anayegeuza shingo. Kinachogeuza shingo ni wenzi wa safari wasiosemezana. Kufikia shamba la tatu la kabichi habari zilikwisha kututangulia. Akina mama waliokuwa wakichuma njegere wakaniuliza, hao wamekosania nini? Mzee mmoja akanionya kwamba mlima haupandwi na watu wenye vinyongo, mmoja atamsukuma mwenzake korongoni. Tulipofika kwa Bi Tausi, nikatoa shikamoo, hakujibu marahaba kwanza. Aliwatazama wale wawili, mmoja kwenye mgomba huku, mwingine kwenye zizi la mbuzi kule. Akasema, "Ugomvi haulali nyumbani kwangu. Kaeni chini."

Shomari, waliwapatanisha.

Wazee wanne, mkeka, kata ya maji. Desturi ya nyumba yenu unaijua: kila mmoja ataje kinachomuuma, kisha avute funda la maji, ayateme nje, aseme moyo wangu mweupe, halafu wale sinia moja. Otieno alinitazama kama mtu anayetafuta mlango. Kusuluhishwa bila ugomvi hakuwezekani, ilibidi upatikane. Akafikiri, akasema Wim anatembea upesi, hamsubiri. Wazee wakatikisa vichwa, hilo kosa kweli. Akageuziwa Wim. Mholanzi akasema maneno kwa Kiingereza, taratibu, bila kumtazama mtu. Otieno ndiye mkalimani, na hakutafsiri. Bi Tausi akasema, "Amesema nini, mwanangu?"

Otieno akainamisha kichwa. "Anasema mimi naogopa mno. Anasema tangu tuingie nchi hii sijamtazama usoni."

Hakuna aliyecheka. Bi Tausi akachota maji kwenye kata. "Njia zetu zinateleza," akasema. "Kuogopa si kosa. Kosa ni kumwacha mwenzio nyuma." Wakanywa, wakatema, wakasema mioyo yao myeupe, na Kiswahili cha Wim kilikuwa kibaya kiasi cha kuwafurahisha wazee wote. Kisha wakawekwa mkeka mmoja, ugali na majani ya maboga, bega kwa bega, kwa amri.

Walikuwa hawajafika katikati ya sinia alipotokea Bwana Mbaruku. Alisikia stendi tulikokwenda, akadandia lori la mboga kutoka mjini, na chini kijijini amemwokota mgambo. Hakusema hata hodi. Akasema mbele ya wazee kwamba watu hawa ni wahalifu, walilala kitanda kimoja gestini kwake, na amekuja wakamatwe washushwe polisi.

Nilimwona Otieno akiweka tonge chini. Lakini yule mgambo alikuwa Mluguru, kijasho kinamtoka, na Mluguru kwangu ni mali halali. Nikainuka. Nikamwambia, "Yaani wewe mla ukungu, kijiji kizima kinaibiwa kuku, umepanda mlima huu wote kuja kuhesabu vitanda? Na ukimaliza vitanda utahesabu mito?" Mgambo akajaribu kununa, ikamshinda. Akanijibu, "Na wewe mla panya, nani alikuruhusu uje kunenepea milimani kwetu?" Basi hapo nikajua amekuwa mtu tena. Nikamsogezea kata ya maji na nafasi kwenye mkeka. Alikuwa na njaa, akanawa, akala.

Bwana Mbaruku alibaki amesimama. Akarudia maneno yake ya kitanda kimoja.

Bi Tausi hakupaza sauti. "Kitanda kimoja nimekusikia," akasema. "Na leo watalala mkeka mmoja, nitawatandikia mwenyewe. Wamefika hapa hawasemezani, wazee hawa wamewapatanisha kwa maji ya nyumba hii. Wewe umepanda kuja kuwatenganisha?"

Wazee wakamtazama Bwana Mbaruku. Kuvunja suluhu ya siku hiyo hiyo, mbele ya walioifunga, kule kwenu ni jambo zito, nawe unajua. Mgambo akasema mdomo umejaa kwamba yeye ameshakula hapa, na aliyekula hapa hawezi kuchongea hapa. Bwana Mbaruku akaondoka akiapa kwenda polisi mwenyewe.

Sikudanganyika kwamba imekwisha. Maji ya kata yanafika mwisho wa kijiji, hayafiki kituo cha polisi. Nikapanga kama ambavyo ungepanga wewe: alfajiri, lori la kabichi linalokwenda Dar moja kwa moja, dereva yule wetu asiyependa maneno, wageni wakae mbele naye, mjini tusisimame hata kwa maji.

Wakati tunafunga mizigo Bi Tausi alinivuta pembeni, karibu na lile jiwe la kusagia. Akaniuliza kama namkumbuka yule mwanamume aliyetoka Dar siku ya mazishi, akasimama peke yake kwenye migomba. Nilimkumbuka kwa mbali. Mimi nilikuwa nagaagaa mlangoni nikidai buti. Akasema yeye alikwenda akamshika mkono, akamketisha na ndugu.

"Macho ninayo, mtani," akasema. "Miaka yote ile anakuja hapa na Shomari, nami napika. Siku ile kila mtu alipewa pole isipokuwa yeye. Nikampa mimi."

Nikaangalia buti zako. Ndugu yangu, nimekutania tangu kiwandani, nimekutania kimo chako, uchumba wako usioiva, ubahili wako. Nilikuuliza mara ngapi utaoa lini. Nawe ukacheka, ukanipa majibu ya nyanya. Nilikuwa sitembei upesi, wewe ndiye uliyekuwa ukinisubiri kila kona, na bado aliyeachwa nyuma ni wewe.

Basi.

Tulishuka kuelekea lorini. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Nilimshika Wim mkono, si kwa mapenzi ya utalii bali kwa sababu buti zako zimekwisha soli, na yeye akamshika Otieno, na Otieno akamshika Bi Tausi, na hivyo ndivyo tulivyopita kijiji kizima, mbele ya mgambo aliyekuwa akipiga mswaki, aliyetuambia tusalimie Dar. Otieno alikuwa anamtazama Wim usoni. Akakanyaga tope mara mbili kwa sababu hiyo.

Nilipanda nao. Juu ya kabichi, naam, na mwili huu. Tulipita Mzumbe, tukapita mjini, nikaiona stendi na ubao wetu ukiwa mtupu, nikaona gari la polisi limeegeshwa karibu na mtaa wetu wa Mafiga. Dereva hakupunguza mwendo. Sikushuka mpaka Chalinze. Otieno alinipa mkono kupitia dirishani, akasema kuna wengine watakaokuja, je, wamtafute nani sasa? Nikamwambia wamtafute Shomari. Atakayejibu ni mimi.

Kwa hiyo nakuahidi, mtani, na leo sitanii. Ubao wa stendi siuachi. Bwana Mbaruku ananizungukia, ameshanipeleka kwa balozi wa nyumba kumi mara moja, na atanipeleka tena. Nitakwenda nikiwa nimekula. Ruksa imefika kwenye mitumba, mabasi, magazeti na vyama. Hii nyingine haijafika, na mpaka ifike wageni wako watapita mikononi mwangu. Nitawaambia wavuruge vitanda vyote viwili. Nitawaambia wasitembee mbalimbali, wasije wakasuluhishwa. Haulizwi, hasimuliwi, haachwi.

Jambo moja la mwisho. Bi Tausi amempelekea salamu yule wa Dar aje kuzuru kaburi nyanya zikiiva. Nitampokea stendi mwenyewe na kumpandisha. Tukifika kwako nitajitupa chini njiani nimzuie, nidai kuku wangu, na mbele ya wazee wote wa kwenu nitamwambia azikomboe buti hizi, kwa kuwa desturi inasema hukombolewa na ndugu wa marehemu.

Nitashuka peku. Pumzika, mfupi wangu. Mlima nitaupanda.

Ni mimi, mla panya wako.