Bakuli Haliwatoshi

Mjukuu wangu Mwanasha,

Hapa Gazi sote tu wazima, alhamdulillahi. Mbuzi wa mamako amezaa mapacha.

Unasema muuzaji amekwambia bakuli linawatosha samaki wako wa dhahabu. Si kweli! Nilipokuwa nikifanya usafi hotelini Diani, bosi naye aliwabana wawili bakulini, wakitweta kwenye maji machafu. "Wakifa tutanunua wengine," akasema. Nikawabeba kwa ndoo hadi nyumbani, nikawatia katika birika la uani, tunamofuga samaki wa kula viluwiluwi vya mbu. Wakanawiri, wakawa warefu kama kiganja changu.

Bosi alinifukuza, akasema nikimwomba radhi atanirudisha.

Tafuta tangi kubwa, mwanangu, na maji uyabadilishe kabla hayajanuka. Muuzaji akikucheka, mwache acheke. Bosi wangu radhi yake anaingoja mpaka leo.

Bibi yako, Mwanakombo