Dhahabu ya Mke wa Kaisari

Blacktown, Sydney

Kaka Elia,

Shikamoo. Natumaini u mzima, pamoja na shemeji na watoto. Mimi sijambo, ila nina hasira, na nimeona heri niiandike, maana kwenye simu nikianza kusema tu, mtandao wako hukatika.

Bado namtunza yule bibi wa Ingleburn, Bi Shirley, aliyepooza upande mmoja. Mumewe, Mzee Graham, ni mstaafu anayekusanya sarafu za kale. Roma anaijua kuliko chumba anacholala mkewe.

Juzi Bi Shirley alimwomba amsukume kwenye kiti chake cha magurudumu hadi mwisho wa mtaa, akaone jakaranda zilivyochanua. Mzee akasema hatoki, anasubiri mzigo. Mzigo ukafika: sarafu moja ya dhahabu, ndogo kama kifungo cha koti, ina uso wa mke wa kaisari, nywele zimesukwa zikafungwa utosini. Akatuita sebuleni.

"Tazameni mapenzi haya! Mkewe alipofariki, kaisari alimtangaza kuwa mungu, akaagiza uso wake upigwe kwenye dhahabu."

"Aliugua kabla ya kufa?" Bi Shirley akauliza.

"Hilo sijui."

"Na nani alikuwa akimlisha?"

"Shirley, hii ni historia."

"Aa. Basi kaisari alikuwa na shughuli."

Mzee hakusikia, alishainamia lenzi yake. Bibi nikamsukuma mimi. Njiani bibi akaniambia, "Naomi, siku nikifa utaona, atanitafutia kabati la kioo lenye taa, kama la sarafu zake." Tukacheka sana, kisha nikamwona anajifuta macho kwa ule mkono wake mmoja mzima.

Narudi nyumbani, nakuta ujumbe wako. Kaka, Mama yu hai! Anatembea kwa kushika ukuta, lakini yu hai. Nawe, ambaye hujakanyaga kwetu Mwanga tangu augue, umeshafungua kundi la familia mnabishania rangi ya sare za msiba, na unaniomba picha yake nzuri ya kuchapa kwenye fulana, eti "tusije tukashtukizwa". Afadhali Mama mwenyewe hamkumwingiza kwenye kundi. Adabu hiyo mmeikumbuka.

Picha situmi. Mama haulizi kaburi lake litawekwa vigae gani. Anauliza, "Elia yuko wapi?" Kila nikipiga, swali ni hilo, na mimi nimechoka kukutungia safari za kikazi.

Kwa hiyo jana nimemwambia unakuja Jumamosi. Ndiyo, bila kukuuliza. Papo hapo nikamsikia akimwita binti wa jirani amkamatie yule jogoo mwekundu. Kutoka Arusha ni safari ya asubuhi moja tu. Kama huendi, mpigie umwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako.

Nisalimie shemeji, ambaye ameshakubali kukufungia begi, na mama mdogo, anayemwogesha Mama kila asubuhi na hayumo kwenye kamati yoyote. Watoto nawabusu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa nimefura hivi,

Naomi