Nilimpa Mkwe Anwani Isiyofunguka

Mshauri mpendwa, naomba unishike mkono kabla sijamkosesha mwanangu mke. Mimi ni mama wa Shtip, nimeshona mashati kiwandani maisha yangu yote na shule niliishia darasa la nane, lakini mwanangu Ognen, nakuambia bila kujisifu, hana mwenzake mji huu, anatengeneza mtandao ambao mkulima ataingia auze mchele wake au pilipili zake moja kwa moja kwa wenye migahawa bila dalali, na nimeuona kwa macho yangu ukifanya kazi pale mezani pangu, kwenye kompyuta yake, maana ameugawa katika vitu wanavyoviita makontena, si yale ya bandarini, haya yamo ndani ya mashine, moja lina kurasa, jingine kumbukumbu za wakulima, jingine la kutuma barua, kila moja na vyake kamili kama chupa zangu za ajvar, ile rojo ya pilipili, kabatini, hakuna kuchanganyika, asubuhi anayawasha yote kwa amri moja na jioni anayazima.

Basi baba yake Kalina, mchumba wa Ognen, akaja kutoka Kochani kula kwetu. Mzee Stojmir ni mkulima wa mpunga. Nikampakulia pastrmajlija ya moto, ule mkate wetu wa nyama, nyama imejaa mpaka ukingoni, nikamwambia, "Mkwe, kijana ameshamaliza, mchele wako sasa utanunuliwa mpaka Skopje."

Akasema, "Mama Ognen, usinitanie bwana."

Mimi nitanie? Ognen alikuwa ametoka kununua mkate, nikainakili ile anwani iliyo juu kwenye kioo cha kompyuta yake herufi kwa herufi, nikampa. "Fungua popote utakapo!"

Mzee wa watu akaenda kuifungua kwenye kafana ya kwao, anakokunywa kahawa na wakulima wenzake, akawasomea wote, wote wakatoa simu, na hakuna hata mmoja aliyepata kitu. Wakamgeuza kichekesho. "Stojmir, kumbe mkweo anauza upepo! Tupimie kilo mbili!" Tangu hapo amesema uchumba usitangazwe, aliyemdanganya kuhusu mchele atamdanganya na binti yake.

Ognen aliposikia alishika kichwa. "Mama! Anwani ile maana yake ni 'mashine hii hii'. Ukiiandika kwenye simu ya mzee, simu inajitafuta yenyewe, itapata nini?" Nikamwambia basi uutoe mtandao wako nje, uonekane duniani kote leo hii tuwafunge midomo, akasema haujaiva, gunia moja bado linaweza kuuzwa kwa watu wawili, na wateja waliomo ni wa kubuni, wa kujaribia tu. Nimemsukuma wiki nzima mpaka sasa anakula amenipa mgongo. Naye Kalina, mhasibu, binti mwenye akili (mwanangu hakuchagua vibaya), amepewa maelekezo na Ognen, akawasha makontena yale yale kwenye kompyuta yake, yamekubali, na Jumapili anataka kumwonyesha baba yake. Lakini amenipigia simu: "Mama, kabla sijaifungua, baba anangoja neno lako." Neno gani? Niombe radhi kwa kusema nilichokiona? Mshauri, mimi si mwongo. Nifanyeje?

Mama Ognen, Shtip

*

Mama Ognen,

Hapana, wewe si mwongo. Ulichokiona kilikuwepo. Ila kilikuwepo mezani pako tu, nawe ukakigawa kana kwamba kipo kila mahali. Na lile neno "ameshamaliza", alikuambia nani? Si Ognen. Hilo ulilishona mwenyewe.

Nakuelewa. Mtoto akifanya jambo ambalo wewe huwezi kulisoma, sifa ndiyo njia pekee ya kuingia katika kazi yake. Hakuna mama asiyelijua hilo. Lakini mwache kijana sasa. Anaujaribu nyumbani ili akikosea pasiumie mtu. Mtandao ukitoka leo na gunia moja likauzwa mara mbili, watakaopiga kelele ni wakulima wale wale, na safari hiyo watakuwa na haki. Kwa hiyo acha kumsukuma, na leo hii mwambie hivyo kwa mdomo wako, maana huo mgongo anaokupa umeutafuta.

Kalina naye mwache afanye alivyopanga. Mzee akiona kurasa zinafunguka nyumbani kwake, atajua mkwe wake hauzi upepo. Kompyuta ya Kalina itamsafisha Ognen. Haitamsafisha Stojmir. Yeye alikuamini, akasimama mbele ya wenzake kwa neno lako, akachekwa. Hilo halirekebishwi na mashine yoyote.

Kwa hiyo Jumapili panda basi mapema uende Kochani, na usianzie nyumbani kwao. Aibu ilimpata hadharani, basi radhi usimwombe jikoni. Mtafute pale kafana, akiwa na wenzake. Najua wanawake hawaingii sana pale; ingia. Usikae. Sema: "Mzee Stojmir hakuwadanganya. Kosa ni langu. Mwanangu bado hajamaliza." Kisha funga mdomo, Mama Ognen. Sentensi ni hizo tatu. Usithubutu kuongeza ya nne, maana sote tunajua itaanza na "lakini mwanangu."