Radi ya Masasi Hajafa

Johannesburg,
Jumapili, baada ya kula mchana

Dada yangu Mama Zuhura,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaipokea huku huku, maana hunyimi hata ukiwa umenuna. Goti linakuruhusu kufika shamba? Ile mikorosho ya upande wa Lisekese imetoa maua, au ule ugonjwa wa ubwiriunga umeiwahi tena? Mimi mzima, ila baridi ya huku inanifanya niseme peke yangu kama mtu mwenye deni la maneno.

Barua hii anakuletea Mzee Chitanda wa Newala, jirani yangu hapa, anayerudi nyumbani kuoza binti. Nimeandika kwa makusudi. Kwenye simu ulinikatiza mara tatu, na karatasi haikatizi.

Umesema mdogo wetu Issa anafungua banda umiza jipya la kuonyeshea filamu, mchora kibao anasubiri jibu, na Issa anaomba kuandika RADI YA MASASI. Jina langu! Nililipata mbele ya watu wazima waliokaa juu ya magunia matupu ya korosho, nikiwatafsiria filamu kwa koo langu, jenereta likinguruma nyuma ya ukuta. Nikasema hapana. Ukacheka: "We Bakari, huo wivu tu."

Sasa nisikilize.

Unajua kazi yangu ni kufagia ukumbi wa sinema. Hollywood ya leo naijua mpaka uvunguni mwa viti, ninapookota bisi zilizomwagwa. Watu wale wameishiwa. Wanachukua filamu za safari na hatari tulizozipenda, wanaziosha, wanazivika nguo mpya, wanaziita jina lile lile, kisha wanatuuzia kama tumezaliwa jana. Mto wa kweli wameuondoa, wameweka wa kompyuta usiolowesha mtu. Shujaa haogopi kitu. Anatania huku anaanguka. Mtu asiyeogopa ana ushujaa gani? Kwetu jina la mtu hurithiwa mwenyewe akishazikwa na matanga yakaisha. Hawa wanarithisha jina la aliye hai, tena mbele ya macho yake. Na Issa anataka kunifanyia hivyo hivyo.

Mwezi uliopita wameleta upya ile yetu, ya yule mtu wa ndevu na nyumbu wake, wanaovuka daraja la kamba. Unaikumbuka. Nilimwita Mjomba. Niliwaambia watu kwamba ile sanamu ya dhahabu pangoni ni mpwa wake, mtoto wa dada yake, aliyegeuzwa chuma na wachawi, na Mjomba amevuka milima yote kumrudisha kwa mama yake. Wazee walilia. Mjomba ndiye mwenye wapwa. Nani kwetu asingelia?

Hapa nakuungamia jambo ambalo simu isingelibeba. Huku nimeitazama tena ile ya zamani, sasa Kiingereza nakisikia. Kile changu cha shule ya Chidya kilikuwa cha vitabuni, na wale jamaa walikuwa wakisema puani, kwa hiyo niliyoyakosa niliyatunga. Dada, hakuna mpwa. Hakuna mchawi. Yule mtu ni mwizi tu, amekodiwa kuiba sanamu. Nilikaa kwenye ngazi na ufagio wangu, nikaona haya kama mtu aliyefumaniwa. Masasi nzima niliilisha uongo wangu.

Ndipo ukanitumia ile sauti uliyomrekodi Issa akiitafsiri hiyo mpya. Nilichukua kalamu ili niandike makosa yake, na niliyapata. Anakimbiza maneno. Anacheka kabla ya watazamaji. Nyumbu hakumpa sauti kabisa! Mzee Chitanda aliyekuwa akinywa chai pembeni akasema, "Kaka, mbona unasahihisha kama mwalimu aliyenyimwa uhamisho?" Nikamwambia anywe chai yake.

Ukweli ni kwamba wivu ulinishika mpaka kwenye meno. Ule ukumbi uliojaa, ule mguno wa watu, vile vicheko vya akina mama wa sokoni, vyote nilivisikia kupitia simu, nikiwa na sare ya wafagiaji. Vilikuwa vyangu.

Kisha wakafika pangoni. Humo Hollywood wameitupa sanamu, wameweka jiwe la buluu linalowaka, kitu cha wanasayansi. Issa Kiingereza anakijua kunishinda. Angeweza kusema ukweli na kunivua nguo mbele ya wote. Nikamsikia akishusha sauti: "Msidanganyike na rangi, jamani. Mpwa yumo humo ndani, anapumua. Mjomba kaja kumchukua."

Hollywood yenyewe imeisahau filamu yake, dada, na mtoto huyu hajaisahau yangu.

Mara bibi mmoja akapaza sauti, "Wewe si Radi! Radi angelia hapo!" Kipande hicho nimekirudia mara nne, nakwambia kwa sababu utajua tu. Issa naye akamjibu, "Bibi, mimi si Radi. Nimemshikia nafasi."

Unakumbuka desturi ya banda letu la zamani? Aliyetoka nje aliacha kandambili moja juu ya gunia, na hakuna aliyethubutu kukaa pale hata filamu ikiisha hajarudi.

Basi jibu langu ni hili. Kibaoni asiandike Radi ya Masasi. Radi hajafa, wala hajazikwa Johannesburg. Aandike jina lake, amelistahili, na kunitoa kinywani neno hilo si kazi ndogo. Humu kwenye mfuko wa Mzee Chitanda kuna kandambili yangu ya kushoto. Iwekwe kwenye gunia la mbele, siku ya kufungua na siku zote. Ya kulia ninayo. Nitaivaa nikija.

Nisalimie mjomba wetu, mwambie mpwa wake wa kweli bado hajageuka chuma. Msalimie Zuhura, aache kunirekodi ninapogomba kwenye simu. Mke wa Issa mpe pole, anayesikia mazoezi ya mumewe kila siku jikoni.

Na Issa mwambie pale kwenye daraja apunguze mwendo, ampe nyumbu sauti. Watu hawalii kwa ajili ya Mjomba kama hawajamwona kwanza nyumbu akiogopa.

Ni mimi mdogo wako, mguu mmoja huko, mmoja huku,

Bakari