Ufagio wa Mama na Korongo

Nyumbani kwa Mama,
nyumba ya mwisho kabla ya korongo.
Jumapili, mvua imekatika.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Mgongo unasemaje huko? Na shemeji, bado anakoroma kama jenereta? Sisi wazima kabisa. Biashara yangu ya viatu vya mitumba inatembea, ila wateja wanajaribu kiatu kimoja saa nzima utadhani wanachagua mchumba.

Sasa tulia. Lile gari ulilosema utaleta kumhamisha Mama kabla korongo halijameza jiko, usilete. Jiko lipo. Nakuandikia nimekaa humohumo, natafuna.

Sifa zote apewe binti yetu Maswali, huyu wangu wa kwanza. Siku moja alitoka shule na jiwe la kilimani kwetu, ndani yake kuna gamba la konokono wa baharini. Eti hapa palikuwa chini ya bahari! Nikamwambia basi tumechelewa kuuza samaki. Akacheka, akanieleza: ardhi inasukumwa kutoka chini, inanyanyuka polepole kuliko kucha inavyoota, ndio milima ikasimama. Halafu mvua inaikwangua, mto unachonga bonde, udongo unakwenda kulala huko chini. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini hilo lilinikaa. Mmoja anajenga, mwingine anabomoa, kama mimi na yule fundi wa choo chetu.

Kisha akamgeukia Mama. "Bibi, korongo linalishwa na ufagio wako."

Unamjua Mama na uwanja wake. Jani likichungulia tu, analing'oa kabla halijasalimia. Udongo unabaki uchi, maji yakishuka kilimani yanauzoa wote. Lo, aliwaka! "Nafagia hapa tangu baba yako hana meno. Leo wewe unifundishe uchafu?" Akaingia ndani na ufagio wake.

Maswali hakubishana. Akapanga mawe kukinga maji, akapanda nyasi ukingoni. Mawe yalipoisha nikamletea viatu vyangu visivyo na wenzao, magunia mawili, tukavishindilia udongo. Jirani akauliza, "Hilo duka gani?" Nikamjibu, "La korongo. Mali ikiuzwa hairudi."

Wiki hii imenyesha mvua ya kufa mtu. Ilipokatika, Mama akatangulia kutoka. Korongo limesimama palepale! Na nyuma ya viatu umejaa udongo mpya, laini kama unga. Akauchota, akaupangusa kwenye kanga.

"Huu wote ulikuwa unakwenda wapi?"

"Bondeni, Bibi. Miaka yote watu wa huko wanalima uwanja wako."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi, Dada, kifua kilinijaa, nusura vifungo vya shati viruke.

Msalimie shemeji, wale mapacha, na mpwa wangu fundi cherehani. Mungu akutunze, aulainishe na huo mgongo.

Ukija, pitia mlango wa nyuma. Mama ufagio hajauacha, siku hizi analindia nyasi. Jana amemtandika nao mbuzi wa jirani, na mimi pia, nilizikanyaga.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye bila kupunguziwa bei,
Kisigino